Kununua gari la spoti lililotumika: la kazini Jumatatu, la kona za Lushoto Jumamosi

Swali huja kwa sura ileile kila mara: "Kaka, nina hela kidogo, nichukue Impreza au Altezza?" Anayeuliza kashapenda tayari. Anachotafuta ni mtu wa kumuunga mkono. Siku hizi simjibu Subaru wala Toyota. Namuuliza anaishi wapi, anafanya kazi wapi, na kama nyumbani kuna gari jingine.

Hatua zilizo hapa nimemwandikia mtu wa Dar anayenunua gari la spoti kwa mara ya kwanza, na ndilo litakalokuwa gari lake pekee. Saa kumi na mbili asubuhi litakuwa kwenye foleni ya Ubungo likiwa na mtoto kiti cha nyuma, na Jumamosi litapandisha Mombo kwenda Lushoto. Kama unalo gari jingine la kazi, una uhuru zaidi. Ruka hatua ya kwanza.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Hela yote ya gari, pamoja na robo ya hela hiyo pembeni. Bei ikiwa milioni 16, uwe na milioni 4 nyingine ambazo hazitagusa gari siku ya kununua.
- Fundi anayelijua gari la aina hiyo. Fundi hodari wa Noah si lazima aijue injini ya bapa ya Subaru, ile yenye silinda zilizolala.
- Tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini, karatasi nyeupe ya tishu, na kipande cha boksi cha kulalia chini ya gari.
- Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Vile vya bei rahisi vinavyoungana na simu vinatosha kwa magari mengi ya karibuni, ila magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 havitayasoma. Kwa hayo tafuta gereji yenye mashine kubwa.
- Asubuhi mbili za bure. Gari halikaguliwi jioni, wala mvua ikinyesha. Maji huficha rangi mbaya.

Kuhusu ile robo ya pembeni, najua inauma. Gari langu la kwanza la tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), akiba niliimalizia kwenye rimu. Mwezi wa pili klachi ikaisha, gari likalala gereji wiki tatu na rimu zake nzuri, mimi nikawa napanda daladala.

Hatua ya 1: Pima njia yako, si ndoto yako

Andika kwenye karatasi safari zako za wiki moja. Matuta mangapi? Kuna sehemu ya vumbi au mashimo kufika nyumbani? Mvua zikinyesha maji hufika wapi? Foleni dakika ngapi?

Mtu mwenye kilomita tatu za barabara ya vumbi kila siku asinunue gari lililo chini kama Toyota 86. Nafasi kati ya tumbo lake na barabara ni kama milimita 130 tu. Mwenye saa mbili za foleni kwa siku afikirie vizuri kabla ya kuchukua manyuali yenye klachi nzito. Manyuali ndiyo raha ya kona, sibishi, lakini goti lako la kushoto ndilo litakalolipa.

Hatua ya 2: Punguza orodha ibaki na aina mbili

Haya ndiyo yanayozunguka kwetu, na maoni yangu bila kupamba.

*Suzuki Swift Sport.* Watu hulicheka kwa udogo wake. Lile la ZC31S (2005 hadi 2010) lina injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 125, na mnyororo badala ya taimingi beti, ule mkanda wa mpira unaoendesha valvu. Ni jepesi, halinywi mafuta sana, na kwenye kona za Lushoto halihitaji nguvu zaidi ya hizo. Kwa mtu niliyemtaja hapo juu, hili ndilo ningemwambia alitafute kwanza.

*Toyota Altezza.* Lilitengenezwa 1998 hadi 2005, na linasukumwa na tairi za nyuma. Yako mawili tofauti kabisa yenye sura moja. RS200 ina injini ya 3S-GE yenye silinda nne, na kwa manyuali ya gia sita ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 210. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita, tulivu zaidi na laini. Wauzaji wengi husema "Altezza" tu na kukuachia ufikiri ni ile ya kwanza. Fungua boneti uhesabu silinda.

*Subaru Impreza WRX na Forester ya tabo.* Zinashika barabara hata kwenye matope, na vipuri vipo. Lakini injini yake, inayoitwa EJ, haisamehe mwenye mkono mzito na oili ya kuazima. Taimingi beti hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika gari likiwa linatembea, valvu hugonga pistoni na injini imekwisha. Za EJ25, yaani lita 2.5, zina sifa mbaya ya kuunguza hedi gasketi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi yake.

*Toyota Mark X.* Ni oto, ni pana, ni ya starehe. Injini ya 4GR ya lita 2.5 katika toleo la 2004 hadi 2009 inatoa nguvu farasi 215. Angalia sana kama inakula oili. Ni gari la barabara ndefu ya Morogoro kuliko la kona.

*Volkswagen Golf GTI.* Tamu kuendesha. Kama ina gia boksi ya DSG ya gia sita (oto yenye klachi mbili), dai ushahidi kwamba oili ya gia boksi imebadilishwa kila kilomita 60,000. Hakuna ushahidi, ondoka.

*Mazda RX-8.* Hapana. Si gari baya, ila injini yake ya kuzunguka, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, huchoma oili kwa makusudi, haipendi kuwashwa na kuzimwa baada ya mita mia mbili, na kipimo chake cha kubana hewa kinahitaji mashine maalumu ambayo fundi wa kawaida hana. Likiwa gari lako pekee litakutesa.

Hatua ya 3: Fanya hesabu yote, si ya bei peke yake

Kama unaagiza Japani, ingia kwanza kwenye mfumo wa TRA wa kukadiria kodi za magari yaliyotumika. Ukubwa wa injini na umri wa gari ndivyo vinavyouma: injini ikivuka cc 2000 ushuru unapanda, na gari likizeeka kuna ushuru wa uchakavu juu yake. Fanya hesabu upya baada ya bajeti ya Juni, maana viwango hubadilika. Ndugu zetu wa Kenya hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Altezza kwao ni ya kununua hukohuko ndani.

Uliza pia bima kubwa kabla ya kununua. Gari la zamani lenye tabo laweza kukupa majibu usiyoyapenda. Halafu vipuri: piga simu Gerezani, Kariakoo, uliza bei ya klachi seti, shokapu nne, na taa moja ya mbele. Ikiwa watu watatu wanakwambia "tutakuagizia", hiyo ni habari.

Jambo moja la petroli. Subaru na Toyota za spoti zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya kule, ya oktani karibu 100. Kwetu weka ya daraja la juu inayopatikana, na usiongeze presha ya tabo kwa sababu kijana wa gereji kakwambia "tunaifungua kidogo".

Hatua ya 4: Soma karatasi kabla ya kuliona gari

Omba picha ya kadi na namba ya chasisi. Kwa gari lililotoka Japani, omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi iliyoandikwa lilipouzwa mnadani kule. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. La 3.5 mimi siliogopi kwa gari la miaka kumi na tano. Herufi R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya kunyooshwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Ninachokiogopa zaidi ya R ni karatasi "iliyopotea".

Kagua madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, maana mengine utayarithi. Jina la kwenye kadi liwe la mtu utakayekaa naye mezani. Dalali akisema mwenyewe yuko safari na kadi iko benki, mwambie mtaonana mwenye gari akirudi na benki ikiiachia kadi.

Hatua ya 5: Fika injini ikiwa ya baridi

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayosema ukweli zaidi ya zote.

Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Mwaka mmoja nilikwenda Tegeta kuangalia WRX ya bluu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande ulikuwa kwenye kioo cha nyuma na kwenye buti, lakini boneti ilikuwa kavu na vuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Jamaa akasema kalisogeza tu alioshe. Gari lilikuwa limesogezwa bila kuacha alama ya tairi kwenye mchanga uliofagiliwa. Nilikunywa chai yake nikaondoka.

Likiwa la baridi kweli, fuata mpangilio huu:

1. Chomoa kijiti cha oili, pangusa kwenye tishu. Nyeusi si tatizo. Yenye chembe zinazometa tochi ikimulikwa ni beringi zinazosagika. Rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili ni maji yaliyochanganyika.
2. Fungua rejeta. Maji ya kutu maana yake aliweka ya bomba miaka yote. Utando wa oili juu yake, funga kifuniko na uage.
3. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaing'oa balbu.
4. Msaidizi awashe, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli kupita kiasi. Mvuke mweupe wa dakika moja asubuhi ya baridi ni kawaida, hasa ukiwa Iringa au Arusha.
5. Sikiliza dakika kumi. Subaru nyingi za EJ hugonga kidogo zikiwa za baridi na kunyamaza zikipata joto, hilo linavumilika. Kugonga kunakozidi injini ikipata joto, kunakofuata mguu wako kwenye mafuta, ni konrodi, mkono unaoshika pistoni. Hapo hakuna punguzo la bei litakalokutosha.

Hatua ya 6: Bodi na tumbo

Tembeza sumaku kwenye milango, matao ya tairi na chini ya vizingiti. Isiposhika sehemu ya chuma kuna puti nene, ila kumbuka boneti za baadhi ya magari ya spoti ni za alumini na hazishiki kamwe. Nafasi kati ya boneti na taa ziwe sawa kulia na kushoto. Boliti za boneti na milango zikiwa na alama za spana, uliza kwa nini.

Tandika boksi ulale chini. Tafuta mikwaruzo mirefu ya matuta, ekzosi iliyochomelewa mara nyingi, na springi. Springi zilizokatwa kwa grainda utazijua, ncha yake ni bapa na haijapakwa rangi. Gari la springi za kukatwa siliangalii zaidi.

Tairi: namba nne ubavuni, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya 2019. Kwenye Subaru inayosukuma tairi zote nne, tairi lazima ziwe za aina moja na zimelika sawa. Mbili mpya na mbili kipara huzitesa difu kila zinapozunguka.

Kuhusu kilomita, usiisome dashibodi, soma mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, na ubavu wa kiti cha dereva. Gari lenye "kilomita 68,000" na pedali iliyobaki chuma linajieleza lenyewe.

Hatua ya 7: Liendeshe kama utakavyoishi nalo

Omba dakika arobaini, si mzunguko wa mtaa mmoja. Ingia kwenye foleni kwa makusudi ukiwa na AC, uangalie mshale wa joto. Kisha tafuta barabara wazi, ukikumbuka kwamba eneo la makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hajali kwamba unajaribu gari.

Klachi: ukiwa gia ya tatu, mwendo wa 30, kanyaga mafuta yote. Injini ikipanda kelele na gari lisiende, klachi inateleza. Gia: rudisha kutoka ya tatu kwenda ya pili kwa haraka ya kawaida. Ikisaga, sinkronaiza, zile pete zinazolainisha kuingia kwa gia, zimechoka.

Kwa Subaru kuna jaribio moja zaidi. Tafuta uwanja wa lami, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole sana mara mbili kulia na mbili kushoto. Gari linapaswa kuzunguka kwa ulaini. Likikaza, likirukaruka kama mtu mwenye mwiba mguuni, difu ya katikati imekufa.

Tabo: shuka mlima bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga ghafla ukitazama kioo. Wingu la bluu ni sili za kuzuia oili zilizochoka.

Hatua ya 8: Mpe fundi wako saa mbili

Lipia mwenyewe. Apime kubana hewa kwa kila silinda; tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10. Avue mpira wa hewa wa tabo autikise muhimili wake: kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kuingia na kutoka si kawaida. Asome kompyuta, na aangalie kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Mengi yakiwa hayajakamilika, kuna mtu kafuta makosa jana yake.

Muuzaji akikataa gari lipelekwe gereji isiyokuwa yake, umeshapata ripoti yako bure.

Hatua ya 9: Bei, mkataba, kadi

Punguza bei kwa vitu vilivyoandikwa na fundi, sio kwa kulia. "Shokapu mbili za mbele, tairi nne, taimingi beti haijulikani" ni hoja. Mkataba usainiwe mbele ya mwanasheria, hela ipite benki, na mabadiliko ya umiliki TRA myaanze siku hiyohiyo mkiwa wote wawili. "Tutafanya wiki ijayo" ndiyo iliyowatesa wengi.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kununua gari lililofunguliwa tayari, yaani lililochezewa kuongezwa nguvu. Ekzosi ya kelele, kichujio wazi cha hewa na kompyuta iliyochezewa huuzwa kama faida. Kwangu ni punguzo. Lililobaki kama lilivyotoka kiwandani linaelezeka. La kubadilishwa, ajuaye yote ni aliyelibadilisha, naye analiuza.

Kosa jingine ni kulipeleka Lushoto Jumamosi ya kwanza. Wiki ya kwanza ni ya gereji: oili na kichujio, maji ya rejeta, oili ya breki, plagi, na taimingi beti kama hakuna karatasi inayosema ilibadilishwa lini. Hapo ndipo ile robo inapoanza kutumika.

Likianza kusumbua

*Linachemsha kwenye foleni, barabara kuu liko sawa.* Anza na feni, kisha rejeta iliyoziba. Mara nyingi ni jambo dogo.

*Linachemsha barabara kuu, na kuna mapovu kwenye chupa ya maji.* Hedi gasketi. Zima, livutwe. Usijaribu "kufika tu".

*Usukani unatetemeka kati ya 80 na 100.* Balansi ya tairi au rimu iliyopinda. Likitetemeka ukifunga breki tu, ni diski.

*Linavuta upande mmoja.* Presha ya tairi kwanza, alaimenti pili. Wengi huanza na ya pili wakalipa bure.

*Injini inapandashuka likiwa limesimama.* Safisha sensa ya hewa na koo la hewa, kagua mipira iliyopasuka. Usikubali kubadilishiwa kompyuta kabla ya hayo.

*Oili inapungua bila kuvuja.* Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita kwenye kipande cha selotepu, bandika ndani ya mlango. Pima kila Jumamosi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare. Lita moja ndani ya kilomita 1,000 ni nyingi, mpelekee fundi pamoja na hiyo selotepu. Nusu lita kwa kilomita 3,000 kwenye gari la umri huu, beba chupa ya oili kwenye buti na uendelee na safari.